New Deal ya Marekani: dola ya FERA, CWA, PWA na WPA ilimfikiaje mtu asiye na kazi?

MdadisiWaHazina

Wakuu, naomba kufafanuliwa na wanaoijua vizuri Marekani ya miaka ya 1930. Vitabu vya New Deal, yaani mipango ya Rais Roosevelt ya kukabili mdororo wa uchumi, vinatupa vifupisho tu, FERA (misaada ya dharura), CWA (kazi za muda), PWA (ujenzi mkubwa wa umma), WPA (kazi za umma kwa wasio na kazi), kisha vinasema Roosevelt aliwapa watu kazi, basi. Ninachotaka kujua ni njia yenyewe. Dola ikitoka Washington ilipita mikononi mwa nani hadi kumfikia baba mwenye familia aliyeachishwa kazi huko kwenye kaunti? Kwa nini CWA ilifungwa ndani ya miezi mitano hivi ilhali ilikuwa imeajiri mamilioni? Na kama mipango hii ilifaa, mbona mwaka 1938 ukosefu wa ajira ulikuwa bado juu?

Maelezo ya jumla ninayo ya kutosha. Nahitaji masharti na hesabu.

Kalamu_Nyeusi

Mkuu, ukianza na malengo ya mipango hiyo utapotea, kwa sababu kwenye karatasi malengo yote yanafanana. Anza na mambo matatu: nani anatoa fedha, nani anamchagua mpokeaji, na mpokeaji anapewa nini mkononi. Kila kifupisho kipya kilizaliwa kurekebisha jibu mojawapo la mpango uliotangulia.

Hadi 1932 kumsaidia maskini kulikuwa mzigo wa kaunti, miji na mashirika ya hisani. Julai mwaka huo Rais Hoover aliridhia majimbo yakopeshwe dola milioni 300 kupitia shirika la fedha la RFC, kwa riba ya asilimia 3. Unaona tatizo: unamkopesha aliyekwama kwa sababu kodi haikusanyiki.

FERA, sheria ya tarehe 12 Mei 1933, iligeuza mkopo kuwa ruzuku. Fungu lilikuwa dola milioni 500, chini ya Harry Hopkins, msimamizi wa misaada wa Roosevelt. Nusu yake ilitolewa kwa ulinganifu: jimbo lilipata dola 1 kwa kila dola 3 za fedha za umma zilizotumika humo kwa misaada katika robo mwaka iliyotangulia. Inasikika kama haki, lakini jimbo maskini lilikuwa limetumia kidogo, kwa hiyo likapata kidogo. Nusu ya pili haikuwa na kanuni hiyo, Hopkins aligawa kwa kuangalia hali. Baadaye njia hii ya pili ndiyo iliyobaki, na pamoja nayo ukaja ugomvi na magavana, maana sasa kila mgawo ulikuwa mazungumzo. Ohio ilifika mahali Machi 1935 Hopkins akamnyang'anya gavana usimamizi wa misaada na kuuweka moja kwa moja chini ya Washington. Haikuwa Ohio peke yake.

Fedha za FERA zilipita kwenye ofisi ya dharura ya jimbo, kisha kwenye ofisi ya kaunti. Hopkins alitoa amri mapema kwamba fedha za umma zigawiwe na ofisi za umma tu, mashirika ya hisani yasipewe kugawa. Familia ilipoomba, mchunguzi alikuja nyumbani, akahoji akiba, kipato, hata ndugu wanaoweza kusaidia. Kisha ikafanywa hesabu ya pengo: mahitaji ya wiki, toa kipato kilichopo. Tuseme mahitaji ni dola 12 na kipato ni dola 5. Pengo ni dola 7, na hicho ndicho kiwango cha juu cha msaada, mara nyingi kwa hati ya kuchukulia chakula dukani badala ya fedha taslimu.

Sasa mweke mtu huyo kwenye kazi ya msaada kwa ujira wa senti 50 kwa saa. Atafanya saa 14, pengo limezibwa, anarudi nyumbani. Jirani yake mwenye watoto wengi atafanya saa 22. Mnyapara anapoteza watu katikati ya wiki na hawezi kupanga kikosi cha kumwaga zege. Hapo ndipo kazi za FERA zilipopata sifa ya kufagia majani.

CWA, Novemba 1933, ilikata fundo hilo. Hopkins alichukua dola milioni 400 kutoka fungu la PWA. Nusu ya wafanyakazi walitoka kwenye orodha ya misaada, nusu nyingine walikuwa watu wasio na kazi, wakaandikishwa bila kupekuliwa kipato. Malipo yalikuwa hundi ya Hazina, na ujira ulifuata kanda: asiye na ujuzi senti 40 kwa saa Kusini, 45 majimbo ya kati, 50 Kaskazini, na fundi kuanzia dola 1 hadi dola 1.20. Wiki ilikuwa saa 30. Kufikia Januari 1934 watu zaidi ya milioni 4 walikuwa kazini, kasi ambayo hakuna mpango mwingine wa wakati ule uliifikia.

Ilifungwa kwa sababu ya kasi hiyo hiyo. Fedha ziliyeyuka, na Januari saa zikakatwa hadi 24 mijini na 15 vijijini. Wenye mashamba wa Kusini walilalamika kwamba senti 40 kwa saa inawapandishia bei ya vibarua, na Roosevelt mwenyewe aliogopa watu wasije wakaiona kama ajira ya kudumu ya serikali. Tarehe 31 Machi 1934 ikawa mwisho, walio na shida zaidi wakarudishwa FERA kwa hesabu ya pengo. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya miaka miwili ya kwanza.

WPA ya 1935 ni maafikiano kati ya hizo mbili. Sheria ya tarehe 8 Aprili ilitenga dola bilioni 4.88 kwa mipango mingi, WPA ikiwemo. Aliyeajiriwa lazima, kwa sehemu kubwa, awe amethibitishwa na ofisi ya misaada (sharti la FERA limerudi), lakini akishaingia analipwa mshahara wa mwezi usiotegemea idadi ya watoto (hili ni la CWA). Ulianzia dola 19 kwa mwezi kwa kibarua wa kaunti ya mashambani Kusini, ukafika 55 kwa kibarua wa jiji kubwa la Kaskazini, na 94 kwa mtaalamu wa daraja la juu. Kilichoamua ni kanda, ukubwa wa mji mkubwa zaidi katika kaunti, na daraja la ujuzi.

Ukiwa na watoto saba kwenye kaunti ya dola 19, hesabu haikukaa. Nyongeza ilitakiwa itoke kwenye misaada ya kaunti, na kaunti hizo ndizo zilizokuwa hazina kitu, maana ruzuku za FERA zilikoma mwishoni mwa 1935. Wazee, wagonjwa na akina mama wasioweza kwenda kazini nao walirudishwa kwa majimbo, wasubiri Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Agosti 1935 ianze kulipa. Zaidi ya hapo, kila familia ilipewa nafasi moja tu, ya mkuu wa familia, ndiyo maana wanawake walibaki chini ya moja ya tano ya wafanyakazi kwa muongo wote.

MhandisiBajeti

Kalamu_Nyeusi amemaliza vizuri upande wa Hopkins. Naongeza PWA iliyoongozwa na Harold Ickes, kwa sababu watu huichanganya na WPA, na vifupisho vyenyewe havisaidii.

PWA haikuwa mpango wa misaada. Ilitoka kwenye sheria ya tarehe 16 Juni 1933 ikiwa na dola bilioni 3.3, na lengo lake lilikuwa kuamsha viwanda. Mji uliotaka daraja au mtambo wa maji uliandaa michoro, makadirio ya gharama na maoni ya kisheria, ukapewa ruzuku ya asilimia 30 ya gharama ya kazi na vifaa. Angalia maneno hayo: kazi na vifaa. Kiwanja, kwa mfano, hakikuhesabiwa. Asilimia 70 iliyobaki mji ungeweza kuikopa PWA kwa riba ya asilimia 4, kwa kuiuzia hati fungani zake. Mwaka 1935 ruzuku ilipandishwa hadi asilimia 45.

Ilikwama wapi? Katiba za majimbo mengi ziliweka kikomo cha deni la mji, na mara nyingi hati fungani zilihitaji kura ya wananchi. Mji uliokwisha kufikia kikomo haukuweza kupokea ruzuku hata ukiitaka. Suluhisho lilikuwa majimbo kutunga sheria za hati fungani zinazolipwa kwa mapato ya mradi wenyewe, yaani bili za maji au ushuru wa daraja, ambazo hazihesabiwi kwenye kikomo. Hayo yalichukua vikao vya mabunge. Juu yake weka Ickes, mtu aliyeogopa rushwa kuliko alivyoogopa kuchelewa, akikagua mikataba. Ndiyo maana majira ya baridi ya 1933 yalipofika, fungu lilikuwa limeidhinishwa lakini majembe hayajaingia ardhini, na Hopkins akapata hoja ya kuchukua zile milioni 400.

Kazi ilifanywa na wakandarasi binafsi kwa zabuni. Sheria iliweka ukomo wa saa 30 kwa wiki na upendeleo kwa askari wa zamani wenye wategemezi, kisha wakazi wa kaunti. Sehemu kubwa ya dola haikulipa vibarua wa eneo la ujenzi. Ilikwenda kwenye chuma, saruji, mashine na reli, kwa hiyo ukihesabu watu walio kwenye eneo la mradi tu utaidharau PWA isivyo haki. Triborough Bridge ya New York ilijengwa kwa msaada wake, na bwawa la Grand Coulee lilianza na fedha zake.

Mwaka 1935 mpaka uliwekwa: ujenzi wa zaidi ya dola 25,000 uende PWA kwanza. Mpaka wa namna hiyo unaalika kisu. Mradi wa mitaro ya maji taka ukiukata vipande, kila kipande kinakuwa chini ya kiwango. Miji ilipenda WPA kwa sababu serikali kuu ndiyo iliyolipa karibu mishahara yote, mdhamini akaleta vifaa na michoro. Mchango wa wadhamini ulisukumwa juu polepole, hadi sheria ya 1939 ikataka robo ya gharama.

Mitego miwili ya WPA kwa msimamizi wa mradi. Kwanza, mwaka 1936 sheria ilitaka ujira kwa saa ulingane na ule wa soko. Mshahara wa mwezi haukubadilika, kwa hiyo saa za fundi zilipungua. Mwashi anamaliza saa zake kabla ya nusu ya mwezi, vibarua wanaomchanganyia udongo wanabaki na wiki nzima bila mwashi. Mwaka 1939 Bunge lilirudisha saa 130 kwa mwezi kwa wote, na Julai mafundi wakagoma. Pili, sheria hiyo hiyo ilimwondoa aliyekaa miezi 18 mfululizo, awe ameshapata kazi nyingine au la. Unapoteza wanyapara wenye uzoefu, kisha unaanza kufundisha upya.

MdadisiWaHazina

Asanteni sana, hasa hiyo ya pengo na hiyo ya kikomo cha deni. Swali la nyongeza: wenye nyumba za mkopo na wakulima je? Nasoma kwamba AAA, mpango wa serikali wa kupunguza mazao ili bei ipande, ilimlipa mkulima asilime. Mpangaji wa shamba alipata nini?

ShambaNaRehani

Nyumba kwanza, maana ni fupi. Rehani za kawaida za wakati ule zilikuwa za miaka michache, mara nyingi unalipa riba tu, halafu deni lote la msingi linadaiwa kwa mkupuo. Kawaida uliomba upya. Benki zilipokauka, hakuna wa kukuandikia upya, na nyumba ikapigwa mnada hata kama hukuwahi kuchelewa sana.

HOLC, shirika la serikali la mikopo ya nyumba, Juni 1933, ilinunua deni hilo. Sharti: nyumba ya familia moja hadi nne, thamani isizidi dola 20,000, mkopo usizidi asilimia 80 ya thamani iliyokadiriwa wala dola 14,000. Masharti mapya: miaka 15, riba asilimia 5, kila malipo ya mwezi yanapunguza na deni la msingi. Piga hesabu utapata takriban dola 7.91 kwa mwezi kwa kila dola 1,000. Deni la dola 3,000 ni kama dola 23.72.

Mkopeshaji wa zamani hakupewa fedha taslimu, alipewa hati fungani za HOLC. Hapo palikuwa na msuguano: mwanzoni serikali ilidhamini riba tu ya asilimia 4, sio msingi. Wakopeshaji wakasita, hati zikauzwa chini ya bei yake. Aprili 1934 serikali ikadhamini na msingi, riba ikashuka hadi 3, na mambo yakatembea. Mikopo ilifika milioni 1 na ushei. Takriban mmoja kati ya watano bado walipoteza nyumba, pamoja na kwamba mwaka 1939 muda uliruhusiwa kurefushwa hadi miaka 25.

Sasa pamba, na hapa tukae kidogo, kwa sababu kasoro yote imo kwenye mkataba.

AAA ilijilipia kwa kodi ya usindikaji: senti 4.2 kwa kila ratili ya pamba, ikitozwa kiwandani kuanzia Agosti 1933. Mwaka huo pamba ilikuwa tayari shambani, hivyo wakulima walilipwa kuing'oa kwa plau, ekari zaidi ya milioni 10. Malipo yalikuwa dola 7 hadi 20 kwa ekari kulingana na mavuno yaliyotarajiwa.

Mkataba wa 1934 na 1935 ulilipa kuacha ardhi bila pamba. Mafungu mawili: senti 3.5 kwa ratili kama kodi ya ardhi, na angalau senti 1 kama nyongeza ya kufidia bei. Fungu la kwanza lilikuwa la mwenye shamba. La pili liligawanywa kama mazao yanavyogawanywa. Mkulima wa nusu kwa nusu, asiye na nyumbu wala jembe lake mwenyewe, alipata nusu senti. Mwenye shamba, senti 4. Na hundi ilipita kwa mwenye shamba kwanza, ambaye alikuwa pia mwenye duka na daftari la madeni, kwa hiyo mara nyingi hata ile nusu senti iliishia kwenye daftari.

Kifungu cha 7 cha mkataba huo kilimtaka mwenye shamba abaki na idadi ile ile ya wapangaji, kadiri inavyowezekana. Maneno hayo ya mwisho yalikula kifungu kizima. Ukipunguza ekari, huhitaji mikono ile ile. Ukimfukuza mpangaji na kumfanya kibarua wa siku, fungu la pili lote linakuwa lako. Kamati za kaunti zilizosikiliza malalamiko zilijaa wenye mashamba. Julai 1934 wapangaji weusi na weupe wa Tyronza, Arkansas, walianzisha chama chao cha pamoja, Southern Tenant Farmers' Union. Ndani ya AAA wanasheria waliotaka kifungu kisomwe kwa kumlinda mpangaji walifukuzwa Februari 1935.

Mahakama Kuu iliua kodi ya usindikaji tarehe 6 Januari 1936, kesi ya Butler, kura 6 kwa 3. Sheria iliyofuata ililipa kwa jina la kuhifadhi udongo, kutoka mfuko mkuu wa serikali, na ikaboresha mgawo wa mpangaji. Wengi walikuwa wameshaondolewa.

FundiTakwimu

Nijibu la 1938. Kabla ya yote, uliza takwimu inamhesabu nani. Mfululizo wa takwimu wa mwanauchumi Lebergott unamweka mfanyakazi wa WPA na kijana wa CCC (kambi za kazi za vijana) kwenye kundi la wasio na ajira. Kwa hesabu hiyo 1933 ni asilimia 24.9, 1937 ni 14.3, 1938 ni 19.0. Michael Darby mwaka 1976 aliwahesabu kuwa wameajiriwa, akapata kama 9 kwa 1937 na 12.5 kwa 1938. Hakuna aliyekosea. Mmoja anapima uchumi binafsi umechukua watu wangapi, mwingine anapima wangapi hawana ujira wowote. Anayechukua 19 kusema WPA haikuajiri mtu anatumia takwimu iliyokwisha kuwatoa watu wa WPA.

Mporomoko wa 1937 ulitengenezwa kwa mkono. Mwaka 1936 askari wa zamani walilipwa bonasi yao kwa mkupuo, mwaka uliofuata fedha hiyo haikuwepo. Januari 1937 makato ya hifadhi ya jamii yakaanza, asilimia 1 kwa mfanyakazi na 1 kwa mwajiri, huku pensheni za kila mwezi zikisubiri hadi 1940. Ajira za WPA zikapunguzwa ili kusawazisha bajeti. Wakati huo huo, kati ya Agosti 1936 na Mei 1937, kiwango cha akiba ambacho benki lazima ziweke kiliongezwa mara mbili, na tangu Desemba 1936 Hazina ilizuia dhahabu iliyoingia isigeuke kuwa fedha kwenye mabenki. Roosevelt aliomba matumizi mapya Aprili 1938, na kufikia Novemba WPA ilikuwa na watu milioni 3.3, kilele chake.

Kuhusu kufufuka kwenyewe, mimi niko upande wa wanaosema fedha na dhahabu zilifanya zaidi ya bajeti. Kupandishwa kwa bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi, Januari 1934, kulivuta dhahabu nchini na kupanua mikopo. Bima ya amana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1934 kwa dola 2,500 na kupanda hadi 5,000 Julai, ilizuia watu kukimbilia madirisha ya benki. Benki elfu kadhaa zilifungwa 1933. Mwaka uliofuata, zilizokuwa na bima na zikaanguka zilikuwa 9.

Kalamu_Nyeusi

Hapo kwenye bajeti nakubaliana nusu. Usiisome bajeti ya Washington peke yake. Zaidi ya majimbo 20 yalianzisha kodi ya mauzo katika muongo ule, mengine ili kupata mchango waliodaiwa na FERA. Yaani dola iliyoingia kwa mlango wa misaada ilitozwa tena dukani, kwa familia zile zile. Ndiyo maana mwanauchumi E. Cary Brown aliandika mwaka 1956 kwamba sera ya matumizi haikushindwa, haikujaribiwa. Mdadisi, ukilinganisha mipango, jumlisha serikali kuu, jimbo na kaunti kabla hujatoa hukumu. Na ukifika 1939, angalia stempu za chakula za Rochester, New York, zilizoanza tarehe 16 Mei: ukinunua stempu za rangi ya chungwa za dola 1 unapewa za buluu za senti 50 bure, na za buluu zinanunua mazao ya ziada tu yaliyotangazwa mwezi huo. Familia isiyo na dola ya kuanzia ilibaki nje, pengo lile lile la 1933 likiwa limevaa sharti jingine.